Kilomita Ni Zile Zile, Saa Si Zile Zile: Kuelewa Umbali na Muda wa Safari Ndefu za Ndege

Anayejiandaa kwa safari ndefu ya ndege huanza na swali linaloonekana jepesi: kutoka uwanja huu hadi ule ni mbali kiasi gani, na safari itachukua muda gani? Tuchukue viwanja viwili vinavyotazamana kuvuka Bahari ya Pasifiki, yaani Narita wa Tokyo na uwanja mkuu wa Los Angeles. Ukurasa mmoja wa intaneti utasema kwamba baina yake pana kilomita 8,750, wa pili utasema maili 5,440, na wa tatu maili 4,725. Tiketi ya kwenda Los Angeles itaonyesha safari ya takriban saa 10, na ya kurudi Tokyo itakaribia saa 12, ilhali viwanja havikusogea. Zaidi ya hayo, saa ya kufika iliyoandikwa kwenye tiketi ya kwenda inaweza kutangulia saa ya kuondoka, na tarehe ikawa ile ile. Msomaji huishia kudhani kwamba kuna mtu aliyekosea hesabu. Hakuna aliyekosea. Tarakimu zote hizo ni sahihi kwa pamoja, kwa sababu kila moja inajibu swali lake, na mkanganyiko wote unatokana na kuyachukulia maswali hayo kana kwamba ni moja.

Nimeulizwa jambo hili mara nyingi, na kila nikilieleza naona kwamba ugumu hauko kwenye hesabu bali kwenye maneno. Kwa hiyo nitaanza na maneno. Msimamo wangu nauweka mapema ili msomaji aushike anapoendelea: umbali kati ya viwanja viwili ni jambo la dunia yenyewe, haubadiliki leo wala kesho, lakini muda wa safari ni jambo la siku ya safari, na hubadilika kwa upepo, kwa njia iliyoruhusiwa, kwa uzito wa ndege na hata kwa foleni ya kusubiri kutua.

Maili tuzimalize haraka. Kuna maili ya nchi kavu, yenye mita 1,609, na kuna maili ya baharini, yenye mita 1,852, ambayo ndiyo inayotumiwa na mabaharia na marubani. Ukurasa unaotaja maili 5,440 na ule unaotaja maili 4,725 vinazungumzia umbali ule ule mmoja, ila kila mmoja umeshika kipimo chake. Anayekuta neno "maili" peke yake, bila kuambiwa ni maili gani, afadhali atafute kilomita.

Umbali nao una maana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Wa kwanza ni umbali mfupi kuliko wote juu ya uso wa dunia, kutoka uwanja hadi uwanja, na huo ndio unaotolewa na kurasa nyingi za kukokotoa. Wa pili ni umbali uliorukwa hasa, yaani njia ambayo ndege iliipita siku ile, pamoja na mizunguko yake yote, na huo karibu kila mara ni mrefu kuliko wa kwanza. Muda nao una maana tatu. Kuna muda wa angani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Kuna muda wa ratiba, ambao ndio unaoandikwa kwenye tiketi, na ambao huhesabiwa tangu ndege inapoondoka pale ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Halafu kuna muda wa safari nzima, unaojumlisha kusubiri kwenye uwanja wa kubadilishia ndege. Kiswahili kinatuongezea kazi kidogo hapa, kwa kuwa neno "saa" hubeba urefu wa muda na pia lile tunalolisoma kwenye uso wa saa ya ukutani. Katika makala hii, ninaposema "saa 10" ninamaanisha urefu wa muda, na ninapotaka kutaja wakati wa siku nitaandika kama tiketi zinavyoandika, kwa kuhesabu kuanzia usiku wa manane: 17:00, 11:00.

Sasa tuje kwenye umbali. Ramani ya karatasi ndiyo inayotupotosha kuliko kitu kingine chochote. Dunia ni tufe, na hakuna namna ya kulitandaza tufe juu ya meza bila kulivuta au kulikunja mahali fulani, kama vile ganda la chungwa lisivyoweza kulazwa bapa bila kuchanika. Ramani nyingi tulizozizoea ukutani zinafuata mtindo uliobuniwa na Gerardus Mercator mwaka 1569, ambao uliwafaa sana mabaharia kwa sababu unatunza mwelekeo wa dira, lakini unanyoosha na kukuza kila kilicho mbali na ikweta. Katika ramani hiyo Greenland inaonekana inakaribia Afrika kwa ukubwa, wakati ukweli ni kwamba Afrika ni kubwa kuliko Greenland kama mara 14. Ramani inayoweza kukuza kisiwa kiasi hicho haiwezi kuaminiwa pia inapochora njia fupi.

Chukua tufe la dunia, lile la darasani linalozunguka juu ya kikalio chake, na uzi. Weka ncha moja ya uzi juu ya Beijing na nyingine juu ya New York, kisha vuta hadi uzi ukaze. Miji yote miwili iko karibu digrii 40 kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo kwenye ramani ya ukutani mtu angepiga rula kutoka mmoja hadi mwingine, mstari ukanyooka mashariki na magharibi. Lakini uzi hautakubali kukaa pale. Utateleza kuelekea juu, uipite Siberia, ukaribie Ncha ya Kaskazini kwa umbali wa kilomita mia kadhaa tu, kisha ushuke kupitia Kanada. Anayefuata mstari wa rula, akibaki kwenye latitudo ile ile mwendo wote, atasafiri kama kilomita 14,400. Uzi unahitaji kama 11,000. Tofauti ya kilomita 3,400 imetokana na kukataa kuidanganya dunia kwamba ni bapa. Njia hiyo ya uzi uliokazwa huitwa duara kuu, kwa sababu ukiiendeleza hadi imalize mzunguko, itaikata dunia katika nusu mbili zilizo sawa, kama ikweta inavyofanya.

Ndiyo maana ule mstari uliopinda ambao abiria huuona kwenye skrini iliyo mbele ya kiti chake si ushahidi kwamba rubani anazunguka. Mara nyingi nimesikia watu wakisema kwamba ndege kati ya Asia na Marekani hupinda kwenda kaskazini kwa kuogopa kuvuka bahari kuu. Kwenye tufe, mstari huo ndio ulionyooka, na wa rula ndio uliopinda. Hata Tokyo na Los Angeles, ambazo ziko chini zaidi, hutenganishwa na duara kuu linalopanda hadi karibu digrii 48 kaskazini kabla ya kushuka tena, na kupanda huko kunaokoa kilomita karibu 480. Jambo jingine linalofuata kutokana na umbo la dunia ni kwamba umbali una kikomo. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075, kwa hiyo hakuna viwanja viwili vinavyoweza kuwa mbali zaidi ya kama kilomita 20,000. Ukizidi hapo umeanza kurudi kwa upande wa pili.

Ndege haiwezi, hata hivyo, kuufuata uzi kila siku. Anga juu ya nchi ni mali ya nchi hiyo, nayo inaweza kufungwa. Mfano ulio wazi kuliko yote wa miaka hii ni safari za Helsinki na Tokyo. Duara kuu kati ya miji hiyo lina kama kilomita 7,800, na sehemu kubwa yake inapita juu ya Urusi. Hadi mwanzoni mwa 2022 safari hiyo ilichukua takriban saa 9 na nusu. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwaka huo, ndege za Finnair, shirika la Finland, zililazimika kuzunguka, ama kwa kusini kupitia Asia ya Kati na China, ama kwa kaskazini kuvuka eneo la Ncha na kushuka kando ya Alaska, na safari ikafika karibu saa 13. Ukurasa wa kukokotoa uliosema kilomita 7,800 kabla ya hapo unasema kilomita 7,800 hadi leo, na uko sahihi. Kilichobadilika ni njia. Wazee wa usafiri wa anga hawakushangaa, kwa kuwa wakati wa Vita Baridi ndege nyingi za Ulaya kwenda Tokyo zilikuwa zikitua Anchorage, Alaska, kwa sababu hiyo hiyo.

Milima nayo ina neno lake. Uwanda wa Tibet una wastani wa urefu unaozidi mita 4,500, na ndege inayopoteza hewa ya ndani hutakiwa kushuka haraka hadi karibu mita 3,000, mahali ambapo abiria wanaweza kupumua bila vinyago vya oksijeni. Juu ya Tibet huwezi kushuka hadi mita 3,000, ardhi imekutangulia. Njia nyingi basi hupita kandokando. Halafu kuna kanuni ya ndege za injini mbili, inayozitaka zisiende mbali kupita kiasi na uwanja ambao zingeweza kuufikia kwa injini moja iwapo nyingine itazimika. Mwaka 1985 zilianza kuruhusiwa kwenda hadi mwendo wa dakika 120 kutoka uwanja kama huo. Leo aina fulani za ndege zimeruhusiwa zaidi ya dakika 300, na ndiyo maana bahari za kusini, zenye visiwa vichache mno, sasa zinavukwa na injini mbili ambapo zamani zilihitajika nne.

Lakini kama ningelazimika kutaja jambo moja tu linaloamua muda wa safari ndefu, ningetaja upepo, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Ndege haisafiri juu ya ardhi. Inasafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe inasafiri. Ndege kubwa ya abiria ya siku hizi, ikiwa imetulia kwenye urefu wa kama kilomita 11, hupita hewani kwa kasi ya karibu kilomita 900 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ambayo mabawa yake yanaihisi. Kasi yake juu ya ardhi ni jambo jingine, sawa na mtumbwi mtoni: mpigakasia anavuta kwa nguvu zile zile, lakini akifuata mkondo ukingo unampita mbio, na akiukabili mkondo mti mmoja wa ukingoni humchukua muda mrefu kuuacha nyuma. Nimewahi kuketi karibu na dirisha usiku, nje hakuna cha kutazama, nikawa nafuatilia tarakimu ya kasi kwenye skrini wakati tunaelekea mashariki. Ilikuwa 930, ikawa 980, na baada ya nusu saa ilisoma 1,090, na sauti ya injini haikubadilika hata kidogo. Hatukuwa tumeongeza mwendo. Tulikuwa tumeingia kwenye mkondo.

Mikondo hiyo ya upepo wa juu ni kama mito ya hewa, yenye upana wa mamia ya kilomita na kina cha kilomita chache tu, inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki kuizunguka dunia, upande wa kaskazini na upande wa kusini, katika urefu ule ule ambao ndege hupenda kurukia. Kasi yake huzidi mara nyingi kilomita 150 kwa saa, na wakati wa baridi kali inaweza kuzidi 300. Mjapani Wasaburo Oishi, mtaalamu wa hali ya hewa, aliipima katika miaka ya 1920 kwa kurusha maputo angani na kuyafuatilia, akaandika matokeo yake kwa lugha ya Kiesperanto akitumaini kwamba ulimwengu wote utasoma, na wachache sana wakasoma. Marubani wa Marekani waliokwenda juu ya Japani mwaka 1944 walikutana na upepo huo kana kwamba ni kitu kipya.

Tuufanyie hesabu. Chukua safari ya kilomita 9,000 na ndege ya kilomita 900 kwa saa. Hewa ikiwa imetulia, ni saa 10 kwenda na saa 10 kurudi. Sasa weka upepo wa kilomita 100 kwa saa. Ukiwa nyuma yako unakwenda kwa 1,000, nawe unafika kwa saa 9. Ukirudi unakutana na upepo wa mbele, ule ambao mabaharia huuita wa omo, kasi inashuka hadi 800, na safari inachukua saa 11 na robo. Watu wengi huamini kwamba kilichopatikana wakati wa kwenda kinalipa kilichopotea wakati wa kurudi. Jumlisha uone: ni saa 20 na robo, si 20. Upepo haulipi deni lote, kwa sababu unapokusaidia hukaa nawe kwa muda mfupi, na unapokupinga hukaa nawe kwa muda mrefu zaidi. Kadiri unavyokuwa mkali ndivyo hasara ya safari nzima ya kwenda na kurudi inavyokua. Ndiyo sababu wapangaji wa safari huiacha njia ya duara kuu bila kusita inapowapasa: anayekwenda mashariki hurefusha kilomita ili aukamate mkondo, na anayekwenda magharibi huzirefusha ili aukwepe. Njia ndefu inakuwa ya haraka, na njia fupi inakuwa ya kuchelewa. Kwenye Pasifiki na Atlantiki njia hizo hupangwa upya kila siku kulingana na utabiri.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, mkondo juu ya Atlantiki ulikuwa na nguvu isiyo ya kawaida, na ndege ya British Airways kutoka New York ilifika London baada ya saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida ina saa 6 na nusu hadi 7. Kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,280 kwa saa, na zikasambaa habari kwamba ndege ya abiria imeishinda kasi ya sauti. Haikuishinda. Kasi ya sauti ni habari ya ndege na hewa iliyoizunguka, na ndani ya hewa ile ndege ilikuwa kwenye mwendo wake wa kila siku.

Hapa ndipo linapoingia dai ambalo nalisikia kuliko yote, kwamba safari za kuelekea magharibi zinapaswa kuwa fupi kwa sababu dunia inazunguka kuelekea mashariki na kuuleta uwanja karibu, au kinyume chake, kwamba ndege inayokwenda mashariki hulazimika kuukimbiza uwanja unaotoroka. Mfikirie nzi aliye ndani ya basi linalokwenda kasi barabara kuu. Anaruka kutoka kiti cha nyuma hadi cha mbele, anarudi, anatua mahali anapotaka, wala kioo cha nyuma hakimgongi. Hewa iliyo ndani ya basi inakwenda na basi, na nzi anakwenda na hewa. Kwenye ikweta ardhi huzunguka kwa kama kilomita 1,670 kwa saa, na hewa inazunguka pamoja nayo, pamoja na ndege iliyo ndani yake. Kama isingekuwa hivyo, helikopta iliyosimama angani kwa saa moja ingeshuka na kukuta iko nchi nyingine. Mzunguko wa dunia una mchango wake, lakini ni wa mbali: ndio unaoipinda hewa ya joto inayotoka pande za ikweta kuelekea ncha, hadi ikageuka kuwa ile mikondo ya kwenda mashariki. Kwa hiyo anayesema kwamba mzunguko unaathiri muda wa safari hajakosea kabisa, ila ameruka hatua ya katikati, ambayo ndiyo yenye kazi yote.

Ukitaka ushahidi kwamba ni upepo, tazama njia za kaskazini na kusini. Johannesburg na London ziko mbali kama kilomita 9,000, zaidi ya Tokyo na Los Angeles, lakini safari ni takriban saa 11 kwenda na takriban saa 11 kurudi. Mikondo inaikata njia hiyo kwa ubavuni, haiisukumi wala haiizuii sana.

Uzito nao una lake. Ndege ya Airbus iliyoandaliwa maalumu kwa safari kati ya Singapore na New York, yenye kama kilomita 15,350 na zaidi ya saa 18, inaweza kubeba lita 165,000 za mafuta, yaani zaidi ya tani 130, karibu nusu ya uzito wote inaoruhusiwa kupaa nao. Saa za mwanzo za safari kama hiyo, mafuta mengi huchomwa kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine. Ndiyo maana kutua njiani wakati mwingine si uvivu wa shirika. Kwa miaka mingi ndege za Addis Ababa kwenda Washington zimekuwa zikitua mahali kuongeza mafuta, na zile za Washington kwenda Addis Ababa hazitui, ingawa ni kilomita zile zile kama 11,500. Uwanja wa Addis Ababa uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mabawa na injini hupata kidogo cha kushika, na ndege haiwezi kupaa ikiwa na shehena kamili ya abiria na mafuta ya safari nzima. Ongeza juu yake upepo wa mbele wa safari ya magharibi. Kwenye kurudi mambo yote mawili yanageuka kuwa nafuu.

Muda wa ratiba unastahili maneno machache. Kwa kuwa huanza pale ndege inapoondoka maegeshoni, umejumlisha mwendo wa ardhini, foleni ya kupaa na mizunguko ya kusubiri zamu ya kutua. Amsterdam kuna njia ya kurukia iitwayo Polderbaan, iliyofunguliwa 2003, ambayo iko mbali kiasi kwamba ndege iliyokwisha kutua huenda ikatembea ardhini dakika 15 au zaidi kabla ya kufika kwenye jengo. Juu ya hayo mashirika huongeza dakika za akiba ili ucheleweshaji mdogo usiharibu ratiba ya siku nzima. Rubani anapotangaza kwamba mmefika dakika 20 kabla ya wakati, mara nyingi si kwamba alikwenda mbio, bali akiba haikutumika. Sehemu hii ya ardhini ndiyo inayoharibu makadirio ya kurasa za kukokotoa, zinazogawanya umbali kwa kasi moja isiyobadilika. Kwenye safari ya kilomita 10,000 kosa ni dogo. Kati ya London na Paris, ambako ni kama kilomita 350, ratiba hutoa saa moja na robo au zaidi, yaani wastani usiofika kilomita 300 kwa saa, kwa ndege ile ile inayoweza kwenda 900.

Neno "moja kwa moja" nalo lisomwe kwa makini. Katika biashara ya tiketi, safari inaweza kuitwa ya moja kwa moja kwa sababu tu namba yake haibadiliki, hata kama ndege inatua njiani na abiria wengine wanashuka. Anayetaka kutokutua popote aulize hasa kuhusu kutua. Mwaka 1947 shirika la Qantas lilipoanza safari zake za Sydney hadi London, abiria alipanda ndege ya shirika lile lile hadi mwisho, lakini ndege ilitua Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli, na safari ilichukua siku nne. Perth na London zimeunganishwa bila kutua tangu Machi 2018, kwa kilomita 14,500 na saa 17 hivi.

Limebaki fumbo la kufika kabla ya kuondoka, na hili linafunguka mara tu mtu anapokubali kwamba tiketi huandika saa za mahali. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondoka, na saa ya kufika ni ya mji unaofikia. Kuzitoa moja kwa nyingine bila kurekebisha ni sawa na kutoa kilo kwenye lita. Wakati wa miezi ya baridi, Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa saa 17. Ndege ikiondoka Tokyo 17:00 na kusafiri kwa saa 10, itatua wakati Tokyo ni 03:00 ya siku inayofuata. Rudisha nyuma saa 17, na Los Angeles ni 10:00 ya siku ile ile uliyoondoka. Kurudi ni kinyume: ondoka Los Angeles 12:00, safiri saa 12, na huko Los Angeles itakuwa usiku wa manane, ongeza 17, Tokyo ni 17:00 ya kesho yake. Siku iliyoonekana kuzawadiwa wakati wa kwenda imechukuliwa wakati wa kurudi. Katika miezi ambayo Marekani husogeza saa zake mbele, tofauti inakuwa 16, kwa kuwa Japani haisogezi, na tiketi ya safari ile ile itasoma tofauti bila kitu chochote kubadilika angani.

Mfano unaodhihirisha jambo hili kuliko yote hauhitaji hata safari ndefu. Nchi ya Samoa, ambayo ilikuwa upande wa mashariki wa Mstari wa Kimataifa wa Tarehe, iliamua kuhamia upande wa magharibi, na mwishoni mwa 2011 ikairuka tarehe 30 Desemba yote: watu walilala Alhamisi tarehe 29 wakaamka Jumamosi tarehe 31. Samoa ya Marekani, jirani yake, ilibaki ilipokuwa. Viwanja vyao vikuu havitenganishwi hata na kilomita 200, na ndege ndogo huvuka kwa muda unaozidi nusu saa kidogo. Leo saa za ukutani katika visiwa hivyo viwili zinasoma sawasawa, ila kalenda zinatofautiana kwa siku moja kamili. Anayepanda ndege Samoa saa 10:00 asubuhi ya Jumatatu atashuka Pago Pago, katika Samoa ya Marekani, kabla ya 11:00 asubuhi ya Jumapili, na akirudi mchana huo huo wa Jumapili atakuta nyumbani ni mchana wa Jumatatu.